Kuchacha, Kuasidika na Kuasidisha: Istilahi Moja katika Mazingira na katika Utengenezaji wa Divai

Miongoni mwa istilahi za sayansi ambazo wafasiri wa Kiswahili hawajapatana juu yake, imo ile inayotaja kitu kuzidiwa na asidi. Kiingereza na Kifaransa huiandika kwa herufi zile zile, acidification, wala hazibadiliki kwa mabadiliko ya mada. Mtaalamu wa bahari hulitumia neno hilo anapoeleza madhara yanayoikabili dunia nzima. Mtengenezaji wa divai hulitumia anapoeleza kazi aliyoifanya asubuhi kwa mizani na ndoo. Mfasiri alikutapo neno hilo katika matini hizi mbili hushawishika kuweka neno moja la Kiswahili pande zote mbili, akidhani kwamba ndio usanifu. Lakini kitenzi cha Kiswahili hakikubali jambo hilo kwa urahisi. Kila kinaponyambuliwa hudai kujua kama jambo limetokea au limetendwa, na kama limetendwa, mtendaji yumo katika sentensi au ameachwa nje. Dai hilo lafaa lisikilizwe kabla ya istilahi kuchaguliwa.

Kwanza ieleweke istilahi yenyewe yasema nini. Asidi hupimwa kwa wingi wa ioni za haidrojeni katika maji. Mwaka 1909 mwanakemia wa Denmark, S. P. L. Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alibuni kipimo cha pH ili wingi huo uweze kutajwa kwa tarakimu ndogo. Maabara ile ilikuwa ya kiwanda cha bia. Kwa hiyo kipimo ambacho leo wataalamu wa mazingira hukitumia kuhukumia mvua, mito na bahari kilizaliwa katika nyumba ya wapika pombe, na watu wa vinywaji hawakukiazima kutoka kwa mtu yeyote. Kipimo hiki huenda kinyume na matarajio ya msomaji mgeni: tarakimu ikishuka, asidi imepanda. Saba ni katikati. Chini ya saba ni upande wa asidi, juu yake ni upande wa alkali. Isitoshe, kila hatua moja ni mara kumi ya ile inayofuata, hivyo kushuka kwa 0.1 tu ni kuongezeka kwa ioni za haidrojeni kwa asilimia ishirini na sita hivi.

Hapa ndipo penye kosa la kwanza la wafasiri. Tangu mwanzo wa zama za viwanda, pH ya maji ya juu ya bahari imeshuka kutoka takriban 8.2 hadi takriban 8.1, kwa kuwa bahari humeza kiasi cha robo ya hewa ya ukaa itokanayo na kazi za binadamu, na hewa hiyo ikiyeyuka majini hufanya asidi hafifu. Msomaji aangalie tarakimu hizo: zote mbili ziko juu ya saba. Bahari haijawa asidi, wala hakuna mtaalamu anayetazamia iwe. Kinachoelezwa ni mwelekeo, si kituo. Mtu aliyetoka Mombasa akielekea Nairobi, akafika Mariakani, amekwenda bara. Lakini hajafika Nairobi. Kwa hiyo tafsiri kama “bahari kugeuka asidi” au “bahari ya tindikali”, hata zikiandikwa kwa nia njema ya kuwaamsha watu, husema jambo ambalo sayansi haikulisema. Neno tindikali limezoeleka katika habari za watu waliomwagiwa maji makali usoni, na katika karakana za mafundi wa betri. Likiwekwa kando ya bahari huleta picha ya samaki wanaoungua. Madhara ya kweli ni ya polepole zaidi na huenda ni ya kutisha zaidi: ioni za haidrojeni zinapozidi, ioni za kaboneti hupungua, na hizo ndizo chaza, kome na matumbawe hujengea magamba na mifupa yao. Mwashi wa Lamu aliyechoma mawe ya matumbawe kupata chokaa alishika mkononi bidhaa ile ile ambayo kiumbe wa baharini hupata taabu kuitengeneza pH ishukapo.

Sasa itazamwe divai. Katika makala haya neno divai latumika kwa kinywaji cha zabibu, kwa sababu mvinyo, hasa katika matumizi ya zamani ya pwani, limebeba pia maana ya pombe kali za kukenekwa. Maji ya zabibu, ambayo watu wa Dodoma huyaita mchuzi wa zabibu, yana asidi kwa maumbile yake, na divai iliyo tayari huwa aghalabu na pH kati ya 3 na 4. Zabibu ikiiva, sukari hupanda na asidi hushuka. Penye jua kali asidi mojawapo, ile ambayo Wajerumani huiita kwa lugha yao asidi ya tofaa, huteketea ndani ya tunda lenyewe kabla ya mavuno, na mchuzi hutoka mtamu lakini umepooza. Divai ya mchuzi wa namna hiyo huwa haina uhai ulimini, rangi yake nyekundu huelekea kufifia, na bakteria waharibifu hupata nafasi, kwani salfa dayoksaidi itumiwayo kuwazuia hupungukiwa nguvu pH inapokuwa juu. Ndiyo sababu watengenezaji wa nchi zenye joto, kama Australia, Afrika ya Kusini na California, huongeza asidi ya tartari katika mchuzi, mara nyingi kabla haujaumuka. Kwa kanuni ya kazi, gramu moja hivi katika lita hushusha pH kwa takriban 0.1.

Tarakimu hiyo ndiyo ile ile ya bahari. Mabadiliko ya 0.1 ambayo katika bahari yamechukua zaidi ya karne mbili na kuwatia wasiwasi wataalamu wa ulimwengu, katika pipa hukusudiwa, hupimwa, hukamilishwa kwa siku moja na kuandikwa katika daftari kuwa kazi njema. Kwa macho ya mwanakemia matukio haya ni mamoja. Kwa macho ya mtu wa lugha si mamoja hata kidogo, kwa maana la kwanza ni tokeo na la pili ni tendo.

Kiswahili kina maneno mengi ya kuonja. Embe bichi lina ugwadu. Ndizi mbichi huleta ukakasi, ambao si asidi bali ni kule kukwaruza ulimi. Limau ni kali. Wali uliolala umechacha. Baadhi ya wafasiri hulikimbilia hili la mwisho, nao huandika “kuchacha kwa udongo” na “kuchachuka kwa bahari”, wakifurahi kwamba wamekwepa mkopo. Furaha hiyo ni ya bure, kwa sababu tatu. Kwanza, kuchacha ni kuharibika kwa kukaa. Chakula huchacha chenyewe, kikiachwa. Hakuna anayeulizwa isipokuwa yule aliyesahau kukipasha moto. Pili, mvuvi akisema bahari imechacha au imechachamaa, maana yake ni kwamba mawimbi ni makubwa na leo hakuna kwenda. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, jamii nzima ya neno hilo, yaani chacha, chachu, chachua, chachusha, imekwisha kushikwa na maana ya kuumua. Chachu ni hamira. Kuchachusha, katika vitabu vya sayansi vya shule, ni kugeuza sukari kuwa pombe kwa hamira.

Uzito wa sababu hii ya tatu huonekana wazi katika divai. Baada ya sukari kwisha, divai nyekundu karibu zote hupitia mabadiliko ya pili yanayofanywa na bakteria, ambao hugeuza asidi ya tofaa kuwa asidi hafifu zaidi, ile ya maziwa. Wataalamu huyaita mabadiliko hayo pia uchachushaji, na matokeo yake ni kwamba divai hupungua ukali. Mfasiri aliyekwisha kuita ongezeko la asidi “uchachushaji” atalazimika kuandika kwamba uchachushaji hupunguza uchachu na kwamba mtengenezaji huchachusha divai iliyokwisha kuchachushwa isije ikachacha. Sentensi hiyo ni sahihi kwa sarufi, lakini hakuna mwanafunzi atakayeielewa. Mgema wa pwani angeweza kumsaidia mfasiri huyo: tembo likigemwa ni tamu, likikaa linakuwa kali, likizidi kukaa linakuwa siki, na kwake hayo ni majina matatu ya vitu vitatu.

Basi mkopo asidi ubaki. Kosa lake si kubwa. Maneno ya kemia yana historia ya makosa, na hayajafukuzwa kwa sababu hiyo. Oksijeni ilipewa jina na Lavoisier katika karne ya 18 kwa maana ya “izaayo asidi”, kwa kuwa aliamini hakuna asidi bila hiyo. Mwaka 1810 Humphry Davy alikwisha kuonyesha kwamba klorini ni elementi kamili, hivyo asidi yake haina oksijeni ndani. Jina likabaki, na Kiswahili kikalipokea pamoja na kosa lake. Suala lililo mbele ya wanaistilahi ni namna mkopo huu utakavyonyambuliwa.

Mfano wa kufuata uko karibu. Kutokana na imara, Kiswahili kimepata imarika na imarisha. Kutokana na fupi, fupika na fupisha. Kwa njia hiyo hiyo asidi hutoa asidika na asidisha, na majina kuasidika na kuasidisha, au, kwa wanaopenda umbo zito la vitabu, uasidikaji na uasidishaji. Umbo la -ika, kauli ya kutendeka, hutaja hali iliyofikiwa na huacha sababu nje ya sentensi. Umbo la -isha, kauli ya kutendesha, huleta sababu ndani. Ni muhimu kutambua kwamba sababu hiyo si lazima iwe na nia. Husemwa “nguo zimekauka” na husemwa “jua limekausha nguo”, wala jua halikukusudia kitu. Kwa hiyo kutofautisha bahari na divai kwa kigezo cha kukusudia, kama inavyovutia kufanya, si sahihi kisarufi. Kigezo ni kama sababu imetajwa.

Jambo hili lina uzito nje ya darasa la lugha. “Bahari imeasidika” ni kama “nyumba imebomoka”: huenda ni mvua, huenda ni uzee, huenda hakuna wa kuulizwa. “Bahari imeasidishwa” ni kama “nyumba imebomolewa”, na msikilizaji papo hapo huuliza, na nani? Katika matini za mazingira umbo la kwanza lina mahali pake, hasa mtaalamu anaporipoti kipimo tu. Lakini likitumiwa kila mahali, kuanzia kichwa cha habari hadi aya ya mwisho, humwondoa mtendaji katika kisa kizima, na kufanya moshi wa makaa ya mawe na petroli uwe kama umri au hali ya hewa. Wanamazingira wa zamani walilijua hilo bila kusoma sarufi. Robert Angus Smith, aliyechunguza mvua za miji ya viwanda ya Uingereza na kuandika kitabu chake juu ya hewa na mvua mwaka 1872, aliieleza asidi ya mvua pamoja na chimbuko lake, yaani makaa ya mawe yaliyokuwa yakichomwa. Karne moja baadaye, Sweden na Norway zilipoona maziwa yao yakipoteza samaki, hoja yao kubwa mbele ya mataifa jirani ilikuwa kwamba asidi ile imetoka kwingine, ikiletwa na upepo. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1979 juu ya uchafuzi wa hewa uvukao mipaka ulijengwa juu ya swali la nani ameasidisha. Ingalikuwa vigumu kuujenga juu ya kuasidika.

Kijerumani, kwa bahati, kimekwisha kulitatua tatizo hili kwa viambishi vyake, na mfano wake wapaswa kuwafariji wanaodhani kwamba kutenganisha istilahi ni kuiharibu sayansi. Juu ya bahari na udongo Wajerumani husema Versauerung, na kiambishi kile cha mwanzo mara nyingi huashiria kitu kugeuka, pengine kuelekea ubaya. Juu ya divai husema Säuerung, bila kiambishi, kuwa ni kazi ya mtu. Lugha mojawapo kuu ya kemia ina maneno mawili mahali ambapo Kiingereza kina moja, na hakuna mwanakemia wa Kijerumani aliyepotea njia kwa sababu hiyo.

Udongo unastahili kutazamwa peke yake, kwa sababu umesimama katikati ya bahari na pipa. Katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya udongo una pH iliyo chini ya 5.5, na katika kiwango hicho aluminiamu huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi ya mahindi. Sehemu ya hali hiyo ni ya maumbile, kwani mvua nyingi za miaka mingi huchukua kalisiamu na magnesiamu na kuzipeleka chini. Lakini sehemu nyingine hutokana na mbolea zenye amonia, DAP ikiwamo: bakteria wa udongo hugeuza amonia kuwa naitreti, na katika kugeuza huko ioni za haidrojeni huachwa nyuma. Jambo hili si geni. Katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, majaribio ya nyasi yaliyoanzishwa mwaka 1856 yameonyesha jinsi vishamba vilivyotiwa salfeti ya amonia mwaka baada ya mwaka vilivyozidi kuasidika. Hapa mtendaji yupo, naye ni mkulima mwenyewe. Tendo lake ni la kukusudia, yaani kutia mbolea. Tokeo lake hakulikusudia. Sentensi ifaayo ni “mbolea imeasidisha udongo”, kwa mfano ule ule wa jua na nguo. Mkulima akiambiwa kwamba udongo wake “umechacha”, ataelewa kwamba umeoza vizuri kama samadi, na huenda akashukuru.

Ikirudiwa divai, ni lazima isemwe kwamba hata kuasidisha hakukai sawasawa. Mtengenezaji haifanyi divai iwe na asidi, kwani tangu zabibuni ilikuwa nayo. Huzidisha kidogo palipopungua mpaka ladha itimie. Kwa kazi hii Kiswahili kina kitenzi cha jikoni kisichohitaji mkopo wa umbo: kukoleza. Mpishi hukoleza chumvi, hukoleza viungo, mpaka vikolee. Kukolea ni kufika kipimo kipasacho, na ndani ya neno hilo mna sifa. Haisemwi chumvi imekolea ikiwa imezidi. Kwa sababu hiyo hiyo neno haliwezi kupelekwa baharini, na kutopelekeka huko ndiko kunakolifanya liwe istilahi bora ya divai: kukoleza asidi. Si tashbihi ya mbali pia. Mpishi wa pwani atiaye ukwaju katika mchuzi wa samaki hutia, kwa sehemu kubwa, asidi ya tartari, ile ile iuzwayo kwa watengenezaji wa divai ikiwa unga mweupe. Wajerumani huiita asidi ya divai. Waswahili wanayo haki ya kuiita asidi ya ukwaju, na mwanafunzi atakayeisoma kwa jina hilo hatahitaji maelezo ya ladha yake.

Zipo dosari mbili ambazo pendekezo hili haliwezi kuzificha. Kauli ya kutendeka ina maana mbili, kama inavyojulikana: “mlango unafunguka” husema mlango uko katika kufunguka, na husema pia kwamba waweza kufunguliwa. “Udongo huu unaasidika” utakuwa na utata huo huo, na mwandishi atalazimika kuutatua kwa kuchagua njeo, aandike “umeasidika” au “unazidi kuasidika”. Dosari ya pili ni ya kinyume. Kiswahili hupata kinyume cha funga kwa kusema fungua, lakini kauli hiyo ya kutendua haishiki kwenye mashina ya mkopo. Hakuna atakayevumilia “kuasidua”. Na kinyume kinahitajika sana. Sheria ya divai ya Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hutaja kuongeza asidi na kuipunguza kama matendo mawili yasiyoruhusiwa kufanywa pamoja katika divai moja, na matini ya sheria haiwezi kufasiriwa kwa neno moja na ukanusho wake.

Jikoni tena pana jibu. Maji ya moto huzimuliwa kwa maji baridi, na pombe kali huzimuliwa kwa maji. Kuzimua ni kupunguza nguvu ya kitu bila kukiondoa, na ndiko hasa kunakofanyika. Sweden imezimua asidi ya maelfu ya maziwa yake kwa unga wa mawe ya chokaa tangu miaka ya 1970. Mkulima wa Kakamega huzimua asidi ya shamba kwa chokaa ya kilimo. Na Plinio Mkubwa wa Roma, katika karne ya kwanza, aliandika kwamba watu wa jimbo la Afrika walilainisha ukali wa divai yao kwa jasi, na mahali pengine kwa chokaa. Katika pwani ya Oregon, Marekani, vitotoleo vya chaza viliona mabuu wao wakifa kwa wingi kuanzia mwaka 2007 hivi, maji yenye asidi zaidi yalipopanda kutoka kilindini. Wenye vitotoleo walianza kupima maji kila siku na kuyatia sodiamu kaboneti kabla ya kuyafikisha kwa mabuu. Nchini Kenya chumvi hiyo hutolewa katika Ziwa Magadi, na mpishi aichanganyaye na maharagwe huiita kwa jina hilo hilo la ziwa.